Maswali mnayouliza kila siku kuhusu walezi wa kitengo na hiace ya watoto

Jamani nimeamua niandike mara moja maana simu yangu inaisha chaji kabla ya saa sita mchana, kila mtu anauliza swali lile lile kuhusu walezi na hiace kukatwa, wengine wanajibiwa na watu wasiohusika kabisa alafu taharuki inakua. Mimi ni baba wa kijana wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo, yuko kitengo cha elimu maalum kwenye shule ya msingi ya serikali hapa hapa Mwanza mjini. Kazi yangu ni fundi simu Makoroboi, sio mwanasheria wala mwanasiasa. Jina la shule sitaji, ofisi iliyoandika barua pia sitaji, wanaohusika wanajijua na walimu wetu bado tunawahitaji. Kuna majibu marefu na mengine ya mstari mmoja, nimeandika nilivoweza, mengine usiku umeme umekatika.

Kwani kimetokea nini hasa?

Kitengo chetu kina walimu wawili wa elimu maalum, walezi wawili wa kuwasaidia watoto kula na kwenda chooni, na hiace ya kukodi inayozunguka asubuhi na jioni kuwakusanya watoto wasioweza kutembea au wasioweza kuachwa wenyewe barabarani. Kwenye kikao cha wazazi tukasomewa barua: muhula ujao malipo ya walezi yanasitishwa, hela ya hiace haipo, na watoto "wataunganishwa na wenzao kwenye madarasa ya kawaida". Sababu ni mbili, ufinyu wa bajeti na utekelezaji wa elimu jumuishi. Barua yenyewe haifiki nusu ukurasa. Mama mmoja wa Igogo akanyoosha mkono akauliza, "Sasa mwalimu, nani atamshika?" na mwalimu mkuu akaangalia chini, hakuwa na jibu na wala sio yeye aliyeandika.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba walezi hawako kwenye ikama. Sio waajiriwa wa serikali, wanalipwa kama vibarua kwenye kifungu kidogo tu cha matumizi, na ndo maana ni rahisi kuwakata. Hakuna anayeandikiwa barua ya kufukuzwa kazi, kifungu kinaandikwa sifuri basi, na mtu aliyekaa na watoto wetu miaka minne anaambiwa na mwalimu kwa mdomo asije.

Mlezi si ni yaya tu? Kweli mnapigania yaya?

Hili limeulizwa na mtu msomi kabisa, kwa hiyo ngoja nieleze taratibu.

Saa 4 ni uji. Kijana wangu shingo haikai vizuri, ukimnywesha akiwa ameegemea nyuma uji unaingia njia ya hewa, ukifika kwenye mapafu hiyo ni nimonia, na sisi nimonia tumelazwa nayo mara mbili kabla hajaanza shule. Dada mlezi anamkalisha wima, mkono wa kushoto unashika kidevu, wa kulia kijiko, tena kijiko nusu, anasubiri ameze, anaangalia koo limepanda limeshuka, ndo anampa kingine. Kikombe kimoja dakika 40. Na wako sita wa namna hiyo. Piga hesabu mwenyewe, watoto sita, walezi wawili, masaa mawili yameisha na hapo hujamgusa anayetaka chooni, hujambadilisha aliyejilowesha, hujamlaza ubavu yule mwenye kifafa ambaye akianguka kuna watu bado wanakimbilia kumtia kijiko mdomoni (msifanye hivo jamani, mlaze ubavu, toa vitu vigumu karibu yake, subiri).

Alafu kuna binti mwenye usonji, mzuri sana, anajua nyimbo zote za gwaride, ila akisikia honi ya lori anatoka nduki kuelekea barabarani. Shule yetu haina uzio. Mlezi alichofanya ni kuhamishia kiti chake mlangoni. Yeye ndo komeo.

Sasa mtoe huyo. Mwalimu wa elimu maalum amesomea kufundisha, wengine wametoka Patandi kule Arusha, chuo kinachosomesha walimu wa elimu maalum, unamchukua mtu wa namna hiyo anashinda siku nzima kwenye uji na choo, nani anafundisha? Ndo maana nasema mlezi sio nyongeza. Mlezi ndo kinachofanya kitengo kiwe shule, bila yeye ni chumba tu chenye watoto.

Lakini elimu jumuishi si kitu kizuri? Mbona mnaipinga?

Nani amesema tunapinga? Mimi nataka kijana wangu akae na wenzake, acheze nao, waizoee sura yake na wao awazoee. Kabla ya kitengo majirani walidhani ni mgonjwa wa kuambukiza. Watoto wa darasa la tatu ndo wanaomsukuma kwenye kiti mwendo wakati wa mapumziko, wanagombania zamu.

Shida ni kwamba tumesomewa nusu ya sentensi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema kweli mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida kama wengine, lakini sheria hiyo hiyo inataka apewe huduma saidizi zinazoendana na ulemavu wake, kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, ibara ya 24 ni hivo hivo: yuko ndani ya mfumo wa kawaida na msaada anaupata humo humo ndani. Msaada unamfuata mtoto aendako. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto akihamia darasa la kawaida msaada unabaki mlangoni.

Na hilo darasa la kawaida tulilo nalo ni lipi? La tatu siku wote wakija ni 118, dawati la watatu wanakaa watano, mlangoni kuna ngazi mbili kwa hiyo kiti mwendo hakipiti mpaka kinyanyuliwe na watu. Mtoto kiziwi akae nyuma huko, mwalimu kageukia ubao anaongea na ubao, mtoto hata mdomo wake hauoni. Mwalimu mwenyewe hajui lugha ya alama, hajawahi kufundishwa, simlaumu. Hapo mtoto yupo darasani kwa daftari la mahudhurio tu, ukimuuliza jioni kajifunza nini hana cha kukuonyesha.

Wakileta walezi, wakaweka ngazi ya mteremko, wakapunguza msongamano, wakapeleka walimu semina, tutawaunganisha watoto hata kesho asubuhi na mimi nitakuwa wa kwanza kubeba dawati.

Elimu si bure? Hela ya walezi ilikuwa inatoka wapi?

Elimu bila malipo ipo tangu Januari 2016, ada imefutwa na michango ya lazima imefutwa. Serikali inaleta ruzuku, kwa shule ya msingi kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawanya kwa siku za masomo, zinakaribia 200, unapata kama shilingi 50 kwa siku, hata karanga za kwenye karatasi pale stendi hupati. Hiyo ndo ya chaki, vitabu, mitihani, ukarabati. Mtoto anayehitaji mashine ya nukta nundu (maandishi ya kugusa ya wasioona), karatasi ngumu za kuandikia, pampasi, mtu wa kumlisha, anaihitaji mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo vitengo vingi vinasimama kwa kuungaunga, kidogo mapato ya ndani ya halmashauri, kidogo msamaria mwema, kidogo mwalimu mkuu kujibana kwingine. Wakati wa neema inaenda. Ukame ukija kinachokatwa kwanza ni kile kisicho na mtu wa kukisemea.

Hatukatai kwamba bajeti ni finyu. Tunachouliza, na tumeuliza kwa maandishi, ni kwa nini imefinyia hapa.

Si kuna ile asilimia 2 ya walemavu halmashauri? Itumike hiyo

Hapana, na tafadhali tuache kuisema kwenye vikao maana wanatuona hatujui tunachodai. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ni MIKOPO. Haina riba lakini inarudishwa. Ni ya vikundi kufanya biashara, huwezi kukopa umlipe mlezi alafu urejeshe kwa kuuza nini sasa, uji?

Usafiri je, si wapande daladala kama watoto wengine?

Anayeuliza hivi nadhani anakaa tambarare. Mwanza unaijua, nusu yetu tuko juu ya mawe, Mabatini, Igogo, Bugarika, nyumba imekaa juu ya jiwe na njia ni mfereji wa maji. Mke wangu anamteremsha mtoto mgongoni mpaka barabarani, kijana ana kilo 22 na miguu imekakamaa haikunjiki kumshika kiuno, kwa hiyo uzito wote unaning'inia kwenye kitenge. Mvua ikinyesha mawe yanateleza, siku hiyo haendi shule, hata iwe siku ya mtihani.

Akifika barabarani daladala ya asubuhi haisimami. Konda akiona kiti mwendo anapiga bati, twende. Akisimama atataka nauli ya kiti kama gunia la dagaa. Bodaboda elfu 2 kwenda, mama arudi kwenye biashara yake ya dagaa mwaloni Kirumba, mchana amfuate, warudi, ni safari nne, elfu 8 kwa siku. Kuna siku faida yote ya dagaa haifiki hapo. Hiace inapita barabarani saa 12 na nusu, dereva anawajua watoto wote kwa majina na anajua nani anakaa dirishani asilie. Ikiondoka hiyo, sizungumzii usumbufu hapa, nazungumzia watoto kubaki ndani.

Watoto wenye ualbino nao wamo? Wao si wanatembea vizuri tu

Wamo, wako wanne, na hili nataka watu wa mikoa mingine walisome polepole. Darasani tatizo lao ni uoni hafifu, anatakiwa akae mbele, apate maandishi makubwa, asikae dirishani jua likampiga usoni. Nje tatizo ni ngozi, kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, yapo yanayotengenezwa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, yanaitwa Kilisun. Mpaka hapo ni mambo ya shule ya kawaida kabisa.

Ila hii ni kanda ya ziwa. Mauaji ya watu wenye ualbino ya kuanzia 2006, 2007 kuendelea hayajasahaulika, ndo yaliyofanya watoto wengi wakakimbiziwa kwenye shule zenye bweni kama Mitindo kule Misungwi au Buhangija Shinyanga, wakakaa huko miaka bila kuonana na mama zao. Na msiseme ni mambo ya zamani, 2024 tu hapo Muleba mkoa wa Kagera mtoto mdogo mwenye ualbino alinyang'anywa kutoka kwa mama yake na akakutwa ameuawa. Sasa mzazi wa mtoto mwenye ualbino anayekaa Kisesa unamwambia hiace imekata, mtoto wa darasa la pili atembee, saa 11 na nusu giza bado? Atakuambia sawa, na kesho yake hutamwona mtoto shule tena. Bibi mmoja anayelea mjukuu wa hivo aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Baba, mi nilikuwa nalala usingizi mpaka hiyo gari inamleta." Sijui nimjibu nini mpaka leo.

Mtoto wangu hana ulemavu, hii inanihusu nini?

118 darasani. Wakiongezwa hawa bila msaidizi ni mwalimu yule yule. Pia ulemavu hauombwi, ajali za bodaboda tunaziona kila siku pale Buzuruga.

Tuseme ukweli, hawa watoto wanajifunza kitu au ni kuwashindisha tu?

Swali linauma ila linaulizwa, bora lijibiwe.

Kuna kijana mwenye ulemavu wa akili alikuja kitengo ana miaka 11, alikuwa havai shati mwenyewe. Walimu walimfundisha kifungo kimoja mwezi mzima. Kifungo kimoja! Walishona kitambaa na vifungo vikubwa vya koti akawa anafungua anafunga, anafungua anafunga, mpaka akaweza. Saivi ana 15, anavaa, anaoga, anajua shilingi 500 na 200 ni 700, na jioni anamsaidia mama yake kuuza vitumbua Nyakato, ukimpa elfu anakurudishia chenji sawasawa na ukimdanganya anakataa kukuachia kitumbua. Mama yake zamani alikuwa anamfungia ndani ili aende kuuza. Mtaala wa watoto wenye ulemavu wa akili umebeba mambo haya haya ya kujihudumia na stadi za maisha, sio walimu wamejitungia.

Wengine wanaenda na masomo ya kawaida mpaka la saba. NECTA wenyewe, yaani Baraza la Mitihani, wanatoa karatasi ya nukta nundu kwa wasioona, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa nyongeza. Yaani mwisho wa safari umeandaliwa, tunakata katikati.

Na kijana wangu mimi? Hasemi. Ana ubao wa picha, anaangalia picha ya kikombe akiwa na kiu. Alianza kuangalia kikombe mwaka jana mwezi wa tisa, siku ya Alhamisi. Kwa miaka 8 tulikuwa tunakisia.

Walimu wako upande gani?

Wako upande wa watoto ila ni watumishi wa umma, msiwalazimishe kusema hadharani, na msirekodi mwalimu kwa simu alafu mkasambaza, kuna mmoja ameshaitwa kujieleza kwa kitu ambacho hata hakusema.

Mpaka sasa mmefanya nini?

Kikao cha kwanza tulikuwa wazazi 14, cha pili tukawa wengi mpaka wengine wakasimama nje, wakaja hata wazazi wa madarasa ya kawaida. Tukaandika barua kupitia kamati ya shule, nakala kwa mratibu elimu kata na diwani. Mratibu alitupokea vizuri akasema suala liko juu yake. Diwani alikuja, alikaa kitengo dakika 20, ikawa wakati wa uji. Akaondoka kimya kabisa kuliko alivyokuja. Ameahidi kulipeleka kwenye kamati ya madiwani inayoshughulika na elimu, tunamsubiri na tunampigia kila Ijumaa, salamu tu, mheshimiwa habari za kazi.

Majibu ya maandishi hatujapata hata moja.

Mimi mzazi wa kawaida nifanyeje? Nimwandikie nani?

Kwanza uelewe nani ana nini. Wizara ya Elimu inatoa sera, mitaala na miongozo. Shule za msingi za serikali zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Kwa hiyo kumtukana waziri wa elimu mtandaoni hakurudishi mlezi. Hela yetu iko halmashauri, kwa Mkurugenzi, na mtu wa kumwona kwanza pale ni Afisa Elimu anayeshughulika na elimu maalum, na Afisa Ustawi wa Jamii usimruke.

Andika barua fupi. Sio historia ya maisha. Jina la mtoto, darasa, anahitaji nini kila siku, nini kitatokea kikiondolewa, unaomba nini. Chapisha nakala MBILI, moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Hii nasisitiza kwa sababu barua yetu ya kwanza ilipokelewa kwa tabasamu tu, wiki tatu baadaye tunaambiwa haipo, haijawahi kufika, na sisi hatuna hata muhuri wa kuonyesha. Nilijichukia.

Muda nao uzingatiwe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ukija kulia Agosti unaambiwa bajeti imeshapita, na kweli imepita. Rasimu zinapikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo hoja iingie mapema, ipite kamati ya shule, kata, madiwani. Kikao cha baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, huongei, lakini diwani akiona sura za watu wake kwenye viti vya nyuma anaongea tofauti.

Pia sheria ya 2010 inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa. Mwulize mtendaji wako kamati yenu iko wapi na mwenyekiti ni nani. Mimi nilipouliza mtaani kwetu mtendaji alifungua droo tatu. Vyama navyo vipo, SHIVYAWATA ndo shirikisho, CHAVITA ni viziwi, TAS ni watu wenye ualbino, wao wamezoea hizi ofisi kuliko sisi. Ikishindikana kote kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inapokea malalamiko ya mwananchi, ila wapeleke ukiwa na zile nakala zenye muhuri.

Tuandamane basi!

Wanaosema hivi wengi hawana mtoto kitengo. Maandamano yanahitaji taarifa polisi masaa 48 kabla, na hata ukifuata utaratibu wote mimi sioni tunawapeleka vipi barabarani watoto ambao honi ikilia mmoja anakimbia na mwingine anadondoka kifafa. Tutakaa ofisini kwenye mabenchi, tena na watoto wetu, na uji wao, saa 4.

Si tuchange tu wenyewe tuwalipe walezi?

Hapa wazazi tumegawanyika na sifichi. Muhula uliopita malipo yalipochelewa tulichanga mwezi mmoja, kila mtu alichoweza, kuna aliyetoa elfu 20, kuna aliyeleta sado ya mchele, walezi wakapata kitu kidogo. Mwezi wa pili wakatoa nusu ya watu. Wa tatu wanne. Na waliobaki ndo wale wale ambao hata wasipochanga wangejikimu.

Upande mmoja unasema watoto hawawezi kusubiri vikao. Kweli. Mimi niko upande wa pili, tukishazoea kuchanga itaonekana inawezekana, kile kifungu hakitarudi, na mtoto wa mama wa vitumbua atatoka kwanza. Nachangia sabuni na pampasi. Mshahara wa mlezi sichangii, naudai. Mtanisamehe.

Mtoto wangu hajawahi kupimwa wala kuandikishwa, nianzie wapi?

Anza wiki hii, usisubiri haya yaishe. Hospitali kwa daktari, Sekou Toure au kituo kilicho karibu, watakupa rufaa ya Bugando ikihitajika, alafu nenda na makaratasi kwa Afisa Elimu Maalum wa halmashauri kwa ajili ya upimaji na ubainishaji, yaani kujua anahitaji msaada gani shuleni. Usiende na aibu. Halmashauri inapanga kwa takwimu za watoto walioandikishwa, na sisi tukiwa na watoto ndani ya nyumba hawahesabiki popote, ofisi inaona kitengo kina watoto wachache, inakata. Baba mmoja Pasiansi ana watoto wawili wasiosikia, wana miaka 10 na 8, hawajawahi kuandikwa kwenye daftari lolote la shule. Nimemfuata mara mbili. Mara ya tatu naenda na mke wangu.

Niko Ukerewe, huku hata hicho kitengo hatuna

Ndugu yangu nakuelewa, na wengine wameandika hivo hivo kutoka Buchosa na visiwa vingine. Kinachoombwa huku ndo hicho hicho mnachostahili huko, sheria haijaishia gati la Kirumba. Andikeni na nyie kupitia kamati ya shule, hata mkiwa wazazi watatu, na mtutumie nakala tuziambatanishe na zetu.

Tunaweza kurusha picha za watoto ili watu waguswe?

Hapana. Sura ya mtoto haiendi mtandaoni, hasa akiwa analishwa au anabadilishwa, na kwa watoto wenye ualbino usiweke hata picha ya mgongo wala jina la mtaa. Piga picha ngazi za mlango wa darasa, zinatosha.

Muhula ukifunguliwa na walezi hawapo, itakuwaje Jumatatu?

Dada mlezi mmoja amesema atakuja wiki ya kwanza hata bila malipo, tumemwambia tutamlipia nauli tu na tumemwomba asiseme sana, maana wakijua anakuja bure wataona tatizo limeisha. Wazazi tumepanga zamu ya saa 4, wawili wawili, mwenye nafasi aandike jina lake kwa mama wa Igogo. Anayekuja zamu ajifunze kwanza, Jumamosi saa 9 alasiri tunakutana nyuma ya kitengo chini ya mwembe, dada atatuonyesha namna ya kushika kidevu. Njooni na kijiko kidogo cha plastiki, cha chuma kinawaumiza meno wakikaza taya, nakala zenu za barua, na mwenye mkeka aje nao.